Kipenyo

Muhenna amechora matanuri matatu
nyuma ya bili ya umeme ya mwezi wa saba.
La kwanza kuba. La pili pipa lililolala ubavu.
La tatu sanduku tu, bati juu, tofali chini;
hilo kalichora upesi, kama mtu anayetaja jina
la mchumba asiye na nia ya kumposa.

"Chagua," akasema.
Miaka thelathini na minne ya ndoa, ninaijua chagua yake:
kalamu imeshalitia kivuli kuba.

Mimi nikauliza habari ya mlango.
Ukiwa juu mno, moto hutoka kuangalia wapita njia;
ukiwa chini mno, moshi hukaa ndani kama mkwe asiyeaga.
"Thuluthi mbili za kimo," akasema fundi Dad-Karim,
akapima hewa kwa kiganja chake,
kiganja ambacho hakijawahi kunidanganya
isipokuwa siku ile ya tangi la maji.

Bi Ghariba akachungulia juu ya ukuta:
"Kuba uani? Mbona watu wataanza kulisomea Fatiha!"
Tukacheka. Muhenna hakucheka.
Akasema ndani ya kuba moto hauna pembe ya kujificha,
unazunguka, unarudi, unaupiga mkate utosini.
Pipa, akasema, ni la wauza boflo.

Mama yangu hakuwa na tanuri.
Alikuwa na sufuria, bati, na makaa juu na chini,
mkate wa kumimina ukikaa katikati
kama mtu aliyebanwa na ndugu wawili wagomvi,
ukatoka mwekundu pande zote.
Yeye angechagua lipi?
Najua. Angeuliza kwanza nani atapasua kuni.

(Kuni ni za samri, zinaletwa kutoka Bidiya,
ngumu, zenye miiba, haziwaki kwa kubembelezwa.)

Kisha ukubwa. Hapo ndipo tulipogombana.
Yeye anataka mita na robo, mbuzi mzima aingie na miguu yake.
"Mbuzi wa nani?" nikasema. "Tuko wawili.
Thuwaini yuko Doha. Sabiha yuko Suhar na zamu zake za usiku.
Hata Ijumaa hatulimalizi sinia.
Sentimita themanini. Mikate minne. Basi.
Tanuri kubwa lisilojaa ni njaa uliyoijenga mwenyewe."
Nikaona neno limempata.
Akaikunja bili, mara mbili, akaitia mfukoni.

Jioni, joto la Ibra lilipolegea kidogo,
tukapanga matofali makavu chini, bila saruji,
Dad-Karim ameshika kamba kwenye msumari,
duara la themanini.
Lilikuwa dogo. Lilikuwa sawa.
Paka akaingia, akajikunja, akalijaza.

Kabla ya adhana ya alfajiri nilikuwa uani, miguu mitupu,
sakafu bado ina joto la jana.
Nikasogeza tofali moja nje, upana wa vidole viwili.
La jirani yake likabaki limejitenga, nikalisogeza nalo.
Ukiligusa duara hakuna pa kuishia.
Paka aliamka akanitazama, akahama.
Nilipozunguka hadi nilipoanzia, mapengo yalikuwa wazi kila upande,
nikaenda kwenye rundo nikachukua mengine matano,
na baada ya hapo mawili, maana Thuwaini
tangu mtoto hula mkate na nusu.

Muhenna akatoka na birika la kahawa.
Akalizunguka duara mara moja
midomo ikimtikisika, akihesabu.
Sikumtazama. Nilikuwa nafuta vumbi mikononi
kama mtu aliyekuwa akifagia tu.

Hakusema alishaniambia.
Alisema, "Saruji haitatosha,"
akanimiminia kikombe, akaketi juu ya rundo la matofali
na kuanza kuunyoosha ule msumari kwa jiwe.