Hadi Kwenye Ufa

Dada yangu Nevena huvuta moja tu kwa juma,
Ijumaa, vyombo vikishaoshwa,
kwenye roshani inayotazama maghala ya tumbaku
ambayo siku hizi yanauza kahawa na picha za ukutani.
Mimi ni divai, kila jioni, hadi kwenye ufa.
Glasi yangu ina ufa. Ndicho kipimo.

Tunabishana.
"Kwangu siku moja kati ya saba. Wewe je?"
"Kwangu ni zabibu. Kwako ni moto."
"Zabibu zilizooza."

Mama alitunga majani ya tumbaku kwa sindano
tangu utoto hadi maghala yalipofungwa.
Vidole vyake havikutakata hata tulipomwosha mara ya mwisho.
Hakuwahi kuvuta, wala kuonja divai,
akafa ana miaka hamsini na tisa.
Anayeelekea kushindwa ndiye humtaja.

Juzi tukampelekea daktari Kalchev shauri letu
kama watu wanaogombea mpaka wa shamba.
Alichekea puani.
"Mnaniuliza, kati ya mwiba na msumari,
kipi kitamu kukanyaga."
Akamgeukia dada: "Moyo haujui kugawanya.
Anayevuta moja mahali pa ishirini
hapunguziwi deni mara ishirini."
Nikatabasamu. Akaniona.
"Nawe, ile habari ya divai kuwa dawa ya moyo
imeingia nondo. Kidogo ni kidogo, sikatai,
lakini saratani ya titi haidharau kidogo."
Kisha, kalamu mdomoni, kama anayeiba:
"Mkinibana sana, ningeanza kuzima sigara."

Basi nilishinda.
Tulishuka mtaa wa mawe bila kusemezana,
nikiubeba ushindi wangu
kama mtu aliyepewa jeneza lenye vishikio vizuri zaidi.

Ijumaa ikafika. Nevena akatoka roshani
na kikombe cha chai ya maua, bila kiberiti.
Nikamimina, nikakomea chini ya ufa,
upana wa kidole, labda nusu kidole.
Kwetu, glasi zikigongana, watu husema "kwa afya";
tumelisema maisha yetu yote, hata matangani.
Tukalisema.
Sikumwuliza kama ameacha. Hakuniuliza.
Alitazama maghala, mkono wa kulia ukingoni,
vidole viwili vimenyooka, vimeachana kidogo,
vikishika kitu kwa uangalifu
kisimwangushie jivu.