Hodi ya Tatu

Mama alifuma pamba ghorofa ya pili, mitambo kumi na miwili peke yake,
mpaka masikio yake yakastaafu kabla yake.
Uzi ukikatika aliujua kwa unyayo:
sakafu, alisema, hukosa pumzi kidogo.

Kiwanda kikafa. Njiwa wakarithi.
Mwaka wa tisini na nne tukapanga kona yake, watu wanne:
Ireneusz, aliyeacha kazi ya simu akaondoka na koleo lao;
Wiesława wa hesabu, mwili ndani, sigara nje kwenye theluji;
Gracjan, aliyekopa kwa shemeji na deni lingali changa;
na mimi, Halszka, niliyejua ni ngazi zipi zimeoza.

Kampuni tukaiita Czółenko:
kile kidude kipitishacho uzi huku na huku,
tena mtumbwi mdogo, kwa kuwa jiji letu, Łódź,
maana yake ni mashua, na mito yake imezikwa chini ya lami.

Programu yetu ilikuwa mgeni mwenye adabu.
Kila dakika mlango kwa mlango:
Hodi, ruta ya hospitali. Karibu.
Hodi, swichi ya karakana ya tramu. Karibu.
Hodi, seva ya kiwanda cha maziwa, Kutno.
Hodi.
Hodi.
Ya tatu ikinyamaziwa, doa la kijani hugeuka jekundu
na mtu mmoja huamshwa.
Mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi.

Mkesha wa Krismasi, tisini na saba,
madoa mia mbili na kumi na moja yalikuwa mekundu kwa mpigo.
Nikapiga simu, nikaharibu karamu ishirini,
daktari mkuu akanijibu na mwiba wa samaki kooni.
Kumbe panya ameguguna waya wetu wenyewe.
Ulimwengu ulikuwa mzima; tuliokatika ni sisi.
Januari Wiesława akaongeza mstari mmoja:
kabla ya kumshuku jirani, jibishie hodi mlango wako.
Ndio mstari bora tuliowahi kuuza,
na hakuna mteja aliyeuona.

Mama alikuja siku moja na keki ya mbegu za mpopi.
Nikamwonyesha skrini. Huu, Mama, ni mfumo.
Akasoma midomo yangu, akacheka:
Mfumo? Na aliyeufuma yuko wapi, mbona vidole vyenu laini?
Kisha akalaza kiganja juu ya seva ya kushoto.
Hii inahema vibaya.
Baada ya siku mbili feni yake ilikufa.

Elfu mbili na saba wakaja watu wa Dallas, viatu visivyojua tope.
Walitumeza bila kututafuna.
Jina liliwakwama ulimini, wakalipunguza herufi,
likabaki tatu, kisha likawa kitufe
ndani ya programu nyingine, safu ya chini, rangi ya kijivu.
Gracjan alinunua nyumba ziwani. Shemeji hajaalikwa.
Ireneusz alirudisha lile koleo, miaka kumi na mitatu baadaye,
na mlinzi wa kampuni ya simu akakataa kulipokea.

Ukumbi sasa ni makazi ya wenye nazo.
Pale uliposimama mtambo wa sita wa Mama
kuna bafu jeupe, na mtu hulala humo akisikiliza redio.

Majira haya ya kuchipua Kutno walinipigia simu.
Nyuma ya rafu za jibini, chini kabisa, wameikuta kompyuta,
inanguruma, vumbi limeivalisha manyoya.
Skrini yake: milango arobaini na mmoja,
thelathini na tisa haipo tena duniani.
Hodi. Hodi. Hodi.
Kijani ni mbili tu: yenyewe,
na printa ambayo hakuna aliyeipata.

Kijana wa fundi alishika waya wa umeme, akaniangalia.
Nikaweka kiganja juu ya kifuniko. Kilikuwa cha moto.
Nipe dakika moja, nikamwambia.
Ikapita.
Nikaomba nyingine.