Safu ya Kumi na Saba

Verlene, daftari lako bado ninalo.
Jalada la kijani, kona zimeliwa,
na harufu ya vitunguu vya ghala letu
kule Saint Paul, nyuma ya reli,
ambako theluji huingia kabla ya wateja
na wateja huingia kabla hatujavua kofia.

Uliniuliza siku ile, kopo la maharage mkononi:
"Shahada ya pili? Ya kusimamia mashine?
Kwa ajili ya kugawa viazi?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na risiti ya ada,
na basi la saa kumi na moja na dakika arobaini,
na mama aliyesema, bila kuinua macho kwenye cherehani,
kwamba asomaye usiku hula kiporo.

Miaka mitatu nilikula kiporo.
Wenzangu darasani walitoka benki,
walitaja faida kama watu watajavyo hali ya hewa.
Mimi nilileta jokofu.
Jokofu letu lililozimika Jumapili ya Pasaka,
ratili elfu mbili za kuku zikavuja maji ya waridi
na asijue mtu hadi Jumanne.
Profesa Haugen alinyamaza, kisha akafuta ubao wote.
"Leo," akasema, "tunaanzia hapo."

Nilijifunza kupima hatari,
kusoma mkataba hadi nukta ya mwisho,
kumwambia muuzaji wa programu "hapana" huku natabasamu,
na kwamba mfumo wa bure una bei yake,
ila hulipwa na mtu anayekesha peke yake
akinakili majina.
Nilifunga kipimajoto kinachopiga simu.
Usiku wa kwanza kilinipigia mara sita.
Mlango tu, Verlene. Uliuegemeza kwa ndoo.

Kisha nikakosea.
Nilihamisha familia elfu mbili mia moja na nne
kutoka daftari lako hadi kwenye kompyuta,
safu kumi na sita, safi kama meno ya chanuo jipya.
Bodi ikapiga makofi. Nikapewa cheo,
na ofisi yenye dirisha.
Wiki ile ile Bwana Tollefson akapewa siagi ya karanga.
Shingo ikamvimba. Alipona, na akaomba radhi yeye,
kana kwamba koo lake ndilo lililokosea takwimu.

Nikarudi kwenye daftari. Pembeni, kwa penseli:
Tollefson: karanga HAPANA. Mkewe kafa Machi, usimwulize habari.
Bi Yer Thao: hasomi, mchoree jogoo.
Ghorofa ya tatu: baba ana haya, mlango wa nyuma.
Kijana wa Lor: mpe kazi yoyote.

Hayo hayakuwamo katika safu kumi na sita.
Hayakuwamo katika mtihani pia,
ingawa niliyapeleka darasani yakawa tasnifu,
kurasa themanini kuhusu ukingo wa karatasi.
Nikaongeza safu. Ya kumi na saba, isiyo na kikomo cha herufi.
Mhandisi akanionya: itachafuka.
Iache ichafuke, nikamwambia,
na kwa mara ya kwanza sauti yangu
haikutafuta idhini ya mtu.

Wanasema masomo yamenipandisha. Kweli, yamenipandisha.
Mshahara umeongezeka kidogo, deni la ada limeongezeka zaidi.
Sasa nakaa mezani na watu wa mafungu makubwa
na wakiuliza "mfumo wenu unafanya nini?"
ninaanza na Tollefson.

Wewe uko Tucson kwa bintiyo, magoti kwenye jua.
Sitakurudishia daftari. Nakuandikia kwa sababu jana,
nikihakiki kurasa za zamani, za mwaka nilipokuwa na miaka tisa,
nilikuta mwandiko wako, penseli imekaribia kufutika:

Youa Moua, mshonaji. Husema hana njaa. Mpe.
Binti yake anahesabu makopo kwa sauti. Mwache amalize.