Mlinzi wa Mji

Bombo, ghorofa ya chini, saa tano asubuhi.
Nimekata nta nyembamba kuliko utando wa kitunguu,
nimeilaza juu ya maji ya uvuguvugu,
nikaiopoa kwa kioo.
Jina nimeandika kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye spiriti:
Zaituni Semkiwa, miaka sitini na mmoja, Kiomoni.
Kipande A, mji wa mimba.
Kipande B, kokwa ya kushoto.

Mji. Nani aliuita hivyo kwanza?
Alijua una kuta, una wageni.
Kila mwezi ukuta wa ndani hujengwa, hubomolewa,
waja leo waondoka leo, kama tunavyojisema Tanga.
Wa Bi Zaituni ulifunga milango miaka tisa.
Rajabu damu ikarudi, tone moja kwenye mkeka wa kuswalia.
Akafua, akanyamaza.
Shaabani ikarudi tena.

Miaka ishirini alianika singa kwenye korona.
Aliniambia siku ile, dirisha la sampuli:
"Pale hupiti na mzigo karani asiugeuze.
Singa ikiwa na doa, inarudi."
Sikumwambia kwamba ndivyo seli ilivyo.
Kabla ya kujigawa husimama getini.
Yuko mlinzi, tunamwita kwa namba, hamsini na tatu,
apekue nyuzi za urithi, moja baada ya moja:
uliokatika, usubiri ushonwe;
ukishindikana, seli ife kwa heshima.
Kisha mlinzi mwenyewe hutoweka.
Ndiyo maana mzima haonekani sana.

Nimetia kingamwili, nimeosha, nimetia rangi,
umeme umekatika, umerudi,
nainamia darubini:

kahawia.

Kahawia kila kiini, nzito
kama kahawa ya Barabara ya Kumi na Mbili.
Mbelwa, mwanafunzi wetu, anachungulia, anafurahi:
"Mbona walinzi wamejaa?"
Wamejaa, mdogo wangu, kwa sababu wameharibika.
Mzima hufanya kazi akaondoka.
Huyu amekaa kitini, sare mwilini, filimbi mdomoni,
na malori yanapita.

Na saiklini, king'ora cha zamu,
kilichopaswa kulia kisha kinyamaze,
kinalia tu.

Kipande B, kahawia ileile.
Ni msafiri mmoja mwenye nyumba mbili,
au ndugu wawili wasiojuana
waliopotoka msimu mmoja?
Hilo ataliandika daktari. Mimi nahesabu.
Katika viini mia, tisini na viwili.
Nahesabu tena, safari hii
nikitamani niwe nimekosea.

Mtu anagonga dirisha kwa pete.
Ana mfuko wa machungwa ya Muheza, hakuitwa, amekuja tu.
"Mwanangu, yangu bado hayajakauka?"

Bado, Bi Zaituni, nasema.
Na kweli,
gundi ya kioo ingali mbichi.