Doa

Miaka kumi na tisa Bhavesh kang'arisha almasi za watu
katika karakana za Surat, jicho moja kwenye lenzi.
Leo kasimama upande wa wanunuzi.

"Hii safi, haina doa," anaapa muuzaji.
Bhavesh anaigeuza kwa kibano, kimya.
Lipo. Dogo kuliko chembe ya chumvi,
na kando yake ukato umepinda kidogo:
mkono ulisinzia, zamu ya usiku.
Anaujua mkono huo.
"Nifungie."

Sasa Hansa akikanda unga huivua, huitundika msumarini.
Jumapili huiosha: maji vuguvugu, sabuni, mswaki wa zamani wa mtoto,
tundu la sinki kaliziba kwa kitambaa.
Husugua, husugua.

"Doa halitoki, Bhavesh."
"Liache. Hilo ndilo nililonunua."