Matone kwa Dakika

Unaniuliza, Luvuno, nilichaguaje.
Ngoja nifunge bomba kwanza.

Halifungiki. Wala halifunguki sawasawa,
tangu fundi wa Barani achukue mia tano
aende kununua mpira wake, na mpaka leo ananunua.
Hapa ndipo nilipojifunzia hesabu,
uani Maweni, usiku wa zamu yetu ya maji,
jagi kati ya magoti, midomo ikicheza:
matone thelathini, dakika moja.
Jagi moja, alfajiri.

Mwaka ule fomu ilikuwa na nafasi nne.
Baba mdogo Karabu alisema, andika sheria,
kesi ya shamba la Ganda itahitaji mtu.
Mama alisema, andika chochote chenye bweni.
Kijana wa saiba alisema, andika haraka,
shilingi mbili kwa dakika.

Chuo kimoja kiliniambia: karibu, soma sayansi mwaka mzima,
halafu tutatazama kama uuguzi una nafasi yako.
Cha pili: wewe ni wa uuguzi tangu siku ya kwanza,
jina lako tumeshalibandika mlangoni.

Mlango wazi huwapumbaza watu.
Mimi nilitaka kujua ndani kuna ngazi ngapi.
Nikaenda kwa miguu, nikasimama getini
na viazi vya karai vya kununulia majibu.
Akatoka msichana wa mwaka wa tatu, viatu vina madoa ya ayodini.

Mnaingia wangapi?
Sitini.
Mnatoka wangapi?
Akamaliza kiazi kwanza.
Arobaini na mmoja.
Na wale wengine?
Anatomia. Ada. Mimba. Mmoja aliona damu
akakumbuka kwamba siku zote alipenda biashara.
Na mtihani wa leseni?
Anayeufikia, mara nyingi anaupita.
Na wodi?
Akanyoosha kidole chenye ukwaju:
ile pale, ng'ambo ya barabara. Wiki ya tatu uko ndani.

Kile kidole ndicho nilichokiandika kwenye fomu.

Mtihani wa kwanza wa mifupa nilipata thelathini na nane.
Nikalia chooni. Nikatoka, nikamkuta mwalimu Ruzuna
ananawa mikono mpaka viwikoni, kama wanavyonawa.
Hakunipa pole. Alinipa mfupa wa paja, wa plastiki,
akasema, kalale nao.
Nikalala nao. Asubuhi mama alipiga ukemi
majirani wakaja na fimbo.

Nikaandika mwili mzima kwa chaki ukutani jikoni,
kuanzia fuvu hadi kisigino.
Moshi ukala mbavu. Nikaziandika tena.
Thoya alijua kemia, Mwanakheri alijua kuuliza,
mimi nilikuwa na jiko na ukuta.
Mwaka wa pili tulikuwa wanne; Dzame
aliacha kuja, na simu yake haikushikwa.
Bado natunza daftari lake.

Kisha usiku mmoja, wodi ya wazazi,
mama wa Mambrui, damu imemwishia,
mashine ya dripu imekufa na taa yake.
Sista Halako akanigeukia:
lita moja, saa nane, matone ishirini kwa mililita. Upesi.
Wenzangu wakapapasa mifukoni kutafuta simu.
Midomo yangu ikaanza yenyewe.
Arobaini na mawili, nikasema,
nikaketi kando yake na saa ya mkononi
nikiyahesabu mpaka adhana.
Mtoto alilia mara mbili. Yeye aliuliza maji ya kunywa.

Leseni bado, Luvuno. Wiki sita.
Sikuahidi kitu, na chuo nacho
hakikuniahidi ila ule mlango.
Wewe nenda na viazi vyako, uulize yako,
na ukiona mtu anajibu bila kutafuna, muogope.

Sasa sogea. Nishikie jagi, saa hii hapa.
Usiangalie uso wangu, angalia tone.
Ngapi?