Daftari la Kando ya Kitanda

Saa kumi na robo alfajiri. Mabomba ya joto
yanagugumia ukutani, ghorofa ya saba, Stara Zagora,
na mkono wangu unapapasa penseli
kabla ndoto haijajua kuwa nimeamka.

Naandika gizani, mstari juu ya mstari.
Kukicha mwandiko hausomeki,
ila neno moja hujitokeza kila mara: ngazi.

Ngazi nane za mawe. Nyumba ya mama, kijijini Slivovnik,
kijiji kilichozamishwa nikiwa na miaka saba
ili mji upate maji na taa.
Nashuka bila kulowa. Samaki wanapita dirishani
polepole, kama majirani wanaotaka kujua tunapika nini.
Mezani kuna mtu kanipa mgongo,
anamenya pilipili hoho za kuchoma.
Namwita. Kinywani mwangu yanatoka mapovu.
Naamka.

Niliipeleka kwa Tsonka wa ghorofa ya tatu.
Ana kitabu cha ndoto, uti wake umebandikwa plasta,
aliachiwa na mama mkwe pamoja na madeni.
Akalamba kidole, akafunua, akasoma kama karani wa mahakama:

    Maji ya tope kuota, maradhi yaja nyumbani,
    Samaki akikupita, mimba imo ukooni,
    Ngazi chini ukifata, cheo chako mashakani,
    Mgongo ukiukuta, yupo mtu kaburini.

Maji yangu hayana tope, nikamwambia,
hata sindano ikianguka sakafuni unaiona.
Na mimba, kwa miaka hii sitini na minane!
Cheo nacho nilikirudisha siku ile niliyorudisha
ufunguo wa dirisha la tiketi, stesheni.
Tsonka akacheka, akanimiminia kahawa,
akasema kitabu hakikosei, mimi ndiye ninayeota vibaya.

Nikarudi kwangu kwa miguu
(lifti imekufa tangu Pasaka), nikihesabu vidato.
Kati ya ghorofa ya tano na ya sita nikasimama.

Nyumba ya mama haikuwa na ngazi nane.
Ilikuwa na tatu.
Nane ni za Dafina, dada yangu, kule Yambol,
ambako sijakanyaga mwaka wa kumi na moja huu
kwa sababu ya cherehani.

Ndiyo, cherehani. Ya mama, ya miguu ya chuma.
Dafina alisema aliahidiwa yeye. Nami nikasema mimi.
Labda mama alituahidi sote;
hakuwa mtu wa kuvumilia mtoto analia.

Hapo nikaelewa, si yote, kipande.
Ndoto haikuniletea habari za kesho.
Ilikuwa inaniuliza jambo kwa vyombo vya jikoni mwangu,
na kitabu cha Tsonka kingejuaje
kwamba maji, kwangu mimi, si maradhi;
ni maneno ya baba na jirani yake Hristozko
usiku wa mwisho, katikati ya mizigo iliyofungwa kamba:
"Yakishafunika, basi, hakuna tena ugomvi wa mpaka."
Wakacheka, wakagonganisha glasi.
Nilikuwa na miaka saba. Niliamini.
Nikakua nikidhani kila ugomvi
unangoja tu maji.

Usiku wa jana nimeshuka tena.
Mgongo ule ule, sweta limetoboka kiwikoni.
Safari hii sikuita.
Nikavuta kiti, nikachukua kisu, nikamenya.
Hakugeuka. Ngozi za pilipili
zilikuwa bado zinaunguza vidole.

Maana yake sijaijua. Nimeandika: moto.

Na pembeni ya ukurasa, namba ya simu ya Dafina.
Tarakimu ya mwisho sina hakika nayo,
ama moja ama saba.
Nitaanza na saba.